Anayenyimwa Kazi Ngumu: Dhana Hasi na Utendaji katika Ofisi Zetu

Hotuba kwa maofisa rasilimali watu na wakuu wa idara, Tabora mjini

Ndugu Mwenyekiti, ndugu maofisa rasilimali watu, wakuu wa idara na vitengo, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mabibi na mabwana: mwangaluka.

Nawashukuru kwa kunialika kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila ofisi inalo, lakini ni ofisi chache mno zinazolijadili kabla halijawa mgogoro. Nimeombwa nieleze namna dhana hasi tulizonazo juu ya makundi ya watu zinavyoathiri utendaji wa wafanyakazi, na namna ya kusimamia ofisi yenye watu wa asili, jinsia, umri na hali tofauti. Hoja yangu ni moja, nami nitaitoa mapema ili mwenye kutaka kuipinga aanze kujiandaa. Dhana hasi haimharibii mfanyakazi kazi kwa matusi peke yake, wala hasa kwa matusi. Humharibia zaidi kwa yale ambayo msimamizi wake anaacha kumfanyia: hamtumi, hamkosoi, hamfundishi, hapiti mezani kwake, hadi ule udhaifu uliodhaniwa tu unapatikana kweli, kisha unaandikwa kwenye tathmini kana kwamba mtu huyo alizaliwa nao.

Mji huu haukuanza jana kuishi na mchanganyiko wa watu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na watu wa pwani, Waarabu na wenyeji wa makabila mengi walifanya biashara katika viunga hivi hivi. Reli ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, ndipo Tabora ikawa njiapanda ambayo mtumishi kutoka mkoa wowote angeweza kuhamishiwa. Leo ukiingia hospitalini Kitete, katika matawi ya benki, shuleni, au katika kambi za ujenzi wa reli ya kisasa, utakuta watu wa kila pembe ya nchi na wa nje ya nchi. Kuchanganyika tumekuzoea. Ninachotilia shaka ni kama tumezoea kugawana kazi kwa haki tukiisha kuchanganyika.

Dhana zenyewe mnazijua, na sitazipanga zote hapa. Kuna kabila linalosemwa kuwa lina hasira, jingine kuwa linapenda fedha kupita kiasi, jingine kuwa halina haraka. Aliyesoma shule ya kata huonekana hawezi kuandika ripoti hata kabla ya kupewa kalamu. Kijana huambiwa kizazi chake hakina uvumilivu, na mtumishi aliyebakiza miaka michache astaafu huhesabiwa kuwa hawezi kompyuta. Mwanamke fundi huulizwa kama ataweza kupanda nguzo, swali ambalo mwenzake wa kiume haulizwi. Mtu wa Kigoma huulizwa uraia wake kwa kuwa majina ya Waha na ya Warundi yanakaribiana, kama zinavyokaribiana lugha zao, ingawa Muha ni mwenyeji wa nchi hii kama Mnyamwezi alivyo. Nao vijana wa Ulyankulu wana mzigo wa pekee. Mwaka 2014 Serikali ilianza kuwapa vyeti vya uraia watu zaidi ya 160,000 wenye asili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, wa makazi ya Ulyankulu hapa mkoani kwetu na ya Katumba na Mishamo huko Katavi. Watoto wao wanaomba kazi katika ofisi zenu. Cheti cha uraia wanacho, na bado wapo wanaowaita wageni wakati wa chai.

Kuhusu mlango wa kuingilia kazini nitapita haraka, kwa kuwa huko ubaguzi unaonekana na umepimwa vizuri. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lao la kupeleka wasifu wa kubuni upatao 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, Marekani, sifa zikiwa zinalingana na majina tu yakitofautiana. Majina yaliyosikika kuwa ya Wazungu yaliitwa kwa usaili kwa asilimia 50 zaidi ya yale yaliyosikika kuwa ya Waamerika Weusi. Nadhani hakuna atakayebisha kwamba jina linaweza kumfungia mtu mlango. Linalotuhusu zaidi sisi tunaoandika tathmini ni yanayompata mtu akishaingia ndani.

Hapo ningependa mnivumilie, kwa maana kuna utafiti mmoja ambao nauona una thamani kwa msimamizi kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Wachumi watatu, Dylan Glover, Amanda Pallais na William Pariente, waliuchapisha mwaka 2017 baada ya kufuatilia makeshia wapya wa mkataba katika maduka makubwa ya vyakula nchini Ufaransa. Baadhi ya makeshia hao walikuwa na asili ya Afrika Kaskazini na ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Zamu zilipangwa bila makeshia kuchagua meneja, kwa hiyo keshia yule yule, mwenye ujuzi ule ule, leo alisimamiwa na meneja huyu na kesho na yule. Mameneja walipewa kipimo cha kuonyesha mielekeo yao ya ndani juu ya wafanyakazi wa asili hiyo, mielekeo ambayo mtu mwenyewe pengine haikiri. Kisha watafiti wakasoma kumbukumbu za mashine za malipo, ambazo hazina kabila wala upendeleo.

Siku ambazo keshia wa asili ya kigeni alisimamiwa na meneja mwenye dhana hasi, utoro uliongezeka, muda wa ziada kazini ulipungua, bidhaa zilipitishwa kwenye mashine polepole zaidi, na nafasi kati ya mteja mmoja na mwingine ikawa ndefu. Siku aliposimamiwa na meneja asiye na dhana hiyo, mtu huyo huyo alibadilika, na kwa jumla makeshia wa asili ya kigeni siku hizo waliwashinda wenzao. Wastani wa siku zote uliyachanganya yote mawili, na mtu asiyejua angesema makundi haya yako sawa na hakuna tatizo lolote.

Watafiti walipowauliza makeshia hao namna walivyotendewa, hawakupata malalamiko ya kutukanwa wala ya kuchukiwa. Walichopata ni kwamba mameneja wenye dhana hasi hawakuwafikia mara kwa mara kwenye mashine zao, hawakuwadai bidii, na hata kazi ya kufagia na kusafisha, ambayo hakuna keshia anayeipenda, waliwapangia kwa nadra zaidi. Ndugu zangu, hebu tulitafakari hilo la kufagia. Meneja aliyeogopa au aliyeona haya kuzungumza na mtu fulani alimwachia raha, na raha ile ikamshusha kazi. Anayesimamiwa kwa mbali hufanya kazi kwa kiasi anachoona kinatarajiwa kwake, na kwa kuwa hakuna aliyemdai zaidi, naye hatoi zaidi. Mwisho wa mkataba meneja akitazama takwimu atasema: nilijua.

Sasa niiondoe hoja Ufaransa niilete kwetu. Katika ofisi moja ya kanda hii ya magharibi, ambayo sitaitaja, alikuwapo fundi sanifu wa kike aliyefaulu vizuri chuoni na kuajiriwa pamoja na wenzake wa kiume. Wenzake walipelekwa wilayani kila mitambo ilipoharibika. Yeye aliachwa ofisini kuandika hati za vifaa na kupokea simu, na mkuu wake alieleza sababu kwa moyo mweupe kabisa: barabara za masika ni mbaya, ana mtoto mdogo, tumwonee huruma. Nafasi ya msimamizi ilipotangazwa, aliomba, na kwenye fomu ikaandikwa kwamba hana uzoefu wa kazi za nje. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Kila sentensi iliyoandikwa katika jalada lake ilikuwa ya kweli, na hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili, kwa sababu mkaguzi angeipitia fomu hiyo kuanzia juu hadi chini asione uonevu. Hata posho za safari alizokosa zilikuwa jambo dogo kulinganisha na ujuzi aliokosa, ijapokuwa naelewa kwamba wengine humu mtaanza kwa kuzihesabu posho.

Huruma ya namna hii imetapakaa. Mtumishi mwenye ulemavu wa macho huwekwa mapokezi, akaachwa hapo miaka, ingawa ana shahada na kompyuta yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti ingemwezesha kufanya kazi aliyosomea. Mzee wa ofisi hapelekwi kwenye mafunzo ya mfumo mpya kwa kuwa atastaafu karibuni, kisha analaumiwa kwa kutoujua. Iko pia hofu, ambayo kwa maoni yangu tunaizungumza kidogo kuliko inavyostahili. Mkuu anayeogopa kuitwa mkabila au mdini huacha kosa la mtumishi wa kundi jingine lipite bila neno, huku akimkemea vikali mtu wa kwao kwa kosa hilo hilo. Yule wa kwao hukasirika, lakini hujifunza. Yule mwingine hubaki na kosa lake hadi siku litakapokuwa kubwa, ambapo sasa ataandikiwa barua bila kuwa amewahi kuambiwa kwa mdomo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na katika kazi kukosolewa kwa wakati ni sehemu ya haki hiyo.

Mtaniuliza: je, dhana hasi haiingii akilini mwa mfanyakazi mwenyewe ikamvuruga? Wataalamu wa saikolojia wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1995 Claude Steele na Joshua Aronson waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford mtihani mgumu. Walioambiwa kwamba unapima uwezo wao wa akili, wale Weusi miongoni mwao walifanya vibaya kuliko Wazungu waliolingana nao katika alama za awali, lakini mtihani huo huo ulipoelezwa kuwa ni zoezi la kuchunguza namna watu wanavyotatua maswali, pengo lilipungua. Huko Uttar Pradesh, India, Karla Hoff na Priyanka Pandey waliwapa wavulana wa vijijini mafumbo ya kutafuta njia kwenye karatasi kwa malipo. Tabaka la kila mtoto lilipokuwa halijatajwa, watoto wa tabaka la chini walilingana na wenzao, na lilipotajwa mbele ya wote, wakaachwa nyuma. Ni haki niseme pia kwamba si kila jaribio lililofuata limepata matokeo hayo. Uchunguzi mkubwa wa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000 nchini Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2018, haukuona wasichana wakishuka katika hisabati baada ya kukumbushwa dhana juu ya jinsia yao. Kwa sababu hiyo mimi sijengi hoja yangu juu ya mitihani ya maabara. Naijenga juu ya zile mashine za malipo, kwa kuwa huko kazi ilikuwa kazi kweli, mshahara ulikuwa mshahara, na kilichobadilika ni msimamizi.

Zipo pia dhana zinazokuja zikiwa sifa, na Mnyamwezi anazijua kuliko wengi. Katika enzi za misafara Wanyamwezi walisifika kuwa wapagazi hodari kuliko wote, na sifa hiyo waliistahili: kazi ile ilikuwa taaluma yenye viongozi wake, taratibu zake za malipo na heshima yake. Lakini sifa hiyo hiyo, ilipoingia mikononi mwa waajiri wa kikoloni, iligeuzwa kuwa sababu ya kuwaona watu wa magharibi kuwa ni mabega na mikono tu. Vijana wa Unyamwezi, na baadaye Waha wengi wa Kigoma, walipelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kwa kusifiwa nguvu zao, ilhali hakuna aliyewauliza kama wanajua kuhesabu. Leo tunasema wanawake ni waaminifu kwa hiyo wakae kwenye fedha, au watu wa kabila fulani wana akili za biashara kwa hiyo wapewe masoko. Anayesifiwa hivyo hufurahi siku ya kwanza. Baada ya miaka kumi anagundua kwamba hajawahi kutoka kwenye dirisha la malipo.

Nikizungumza Tabora siwezi kulikwepa suala la utani. Najua wapo wanaofikiri nimekuja kuwakataza, la hasha. Utani wa Wanyamwezi na watu wa njia ya misafara, kama Wazaramo, ni urithi mzuri ambao uliwawezesha wageni kupata chakula, malazi na hata maziko mbali na kwao. Lakini utani una masharti yake, na sharti kubwa ni kwamba watani ni sawa: unayemtania anaweza kukurudishia papo hapo, mbele ya watu, na hukasiriki. Mkuu wa idara anayemwambia karani wake kwamba watu wa kwao hawajui kusoma, mbele ya wenzake wote wanaocheka kwa sababu anayesema ndiye anayesaini likizo zao, hatanii. Karani hana namna ya kurudisha. Kipimo changu ni hicho tu, nami nawaomba mkitumie kabla ya kumwambia mlalamikaji kwamba hajui utani: je, mwenzake angeweza kujibu kwa maneno ya uzito uleule na kesho akaja kazini bila wasiwasi?

Sheria yetu inasema wazi. Katiba, katika ibara ya 13, inakataza ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri akuze usawa wa fursa na aondoe ubaguzi katika sera na mwenendo wa ajira, na inataja misingi inayokatazwa, ikiwemo rangi, utaifa, kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri na hali ya maisha. Mfanyakazi akionyesha kwa ushahidi wa awali kwamba amebaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo. Tena kifungu hicho kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa. Nayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Ningependa kila mmoja wenu, akirudi ofisini, aulize ule mpango wa fursa sawa uko kwenye jalada gani. Hata hivyo sheria hukamata tendo. Kumnyamazia mtu, kutompitia na kutomtuma ni vigumu kuvipeleka mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kuwa siku yoyote moja ukiitazama hakuna kilichotendeka.

Ndiyo maana dawa inabaki mikononi mwa msimamizi na kwa afisa anayemsimamia msimamizi. Wengi hufikiria semina kwanza. Semina si mbaya, nami mwenyewe nimekula vitafunio vyake, lakini Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly walipochunguza kumbukumbu za mashirika binafsi 708 ya Marekani kati ya mwaka 1971 na 2002, waliona kwamba mafunzo ya kubadili mitazamo yalikuwa miongoni mwa hatua zilizozaa matunda haba zaidi katika kuwafikisha wanawake na Weusi kwenye uongozi. Kilichofanya kazi zaidi ni kumpa mtu au kamati wajibu unaojulikana wa kufuatilia jambo hilo na kuulizwa juu yake, na pale wajibu huo ulipokuwapo hata mafunzo yalianza kusaidia.

Kwa ofisi zetu naona wajibu huo uanze na daftari la mgawanyo wa kazi. Kila mkuu wa kitengo aandike ni nani aliyepelekwa wilayani, nani aliyekaimu alipokuwa likizo, nani aliyeandika taarifa iliyokwenda kwa wakubwa, nani aliyehudhuria mafunzo, na nani aliyebaki kwenye simu. Afisa rasilimali watu alipitie daftari hilo kila robo mwaka, na akiona jina moja halitoki mapokezi, aulize sababu na aandike jibu alilopewa. Nafasi ya kukaimu izunguke badala ya kuangukia mtu yule yule. Katika usaili, maswali yawe yale yale kwa wote, na alama ziandikwe kabla wajumbe hawajaanza kuzungumza. Katika kutathmini utendaji wa watumishi wa umma tumetoka kwenye fomu za OPRAS zilizoanza mwaka 2004 hadi mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, na mfumo wowote unaompima mtu kwa majukumu aliyopangiwa ni mzuri, ilimradi mtu wa juu aangalie pia majukumu yenyewe yalipangwaje. Aliyepewa kazi nyepesi akaikamilisha kwa asilimia 100 hajajulikana uwezo wake, na aliyepewa nzito akafikia 70 pengine ndiye anayefaa kupandishwa.

Wapo watakaosema kwamba wavivu wapo kweli, na kwamba si kila anayefanya vibaya amebaguliwa. Nakubali, na nimewasimamia. Lakini mvivu hujulikana baada ya kupewa kazi sawa na wengine, kuelekezwa na kukumbushwa kama wengine, na kumbukumbu zikiwepo hatakuwa na pa kujificha nyuma ya kabila lake wala jinsia yake. Daftari hilo linamlinda mwajiri kama linavyomlinda mwajiriwa, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wasilione kuwa ni silaha ya upande mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, muda uliobaki ningependa tuutumie kwa maswali, na kama utaniruhusu, tuanze na wakuu wa vitengo vya ufundi na usafirishaji, kwa kuwa hao ndio wanaopanga safari za nje, na ningetaka watuambie mwezi uliopita walimpeleka nani na walimwacha nani.